Mama ana uvimbe kwenye titi, daktari anataka kuchukua kinyama, ukoo umegoma. Naombeni uelewa

#1 Mtoto wa Buswelu

Wakuu, heshima kwenu. Niende moja kwa moja.

Mama yangu, umri wake unakaribia 60, ana uvimbe titi la kushoto, juu kuelekea kwapani. Hauumi, ndiyo maana alikaa nao kimya huko Sengerema mpaka mdogo wangu wa kike alipouona akiwa anamsaidia kuoga alipokuwa na malaria. Nikamleta hapa Mwanza, akapigwa utrasaundi. Daktari akasema picha haimpendezi, hawezi kusema lolote mpaka kichukuliwe kinyama kwa sindano kikapimwe. Tumepewa tarehe, wiki ijayo.

Shida imeanzia kwenye ukoo. Mjomba mkubwa amekuja juu: kansa haiguswi na chuma, ukiichokoza inakasirika. Anatoa mfano wa shangazi yetu mmoja aliyekatwa kinyama na hakumaliza mwaka. Mama naye kaingiwa na hofu, sasa hivi anaulizia mizizi.

Nataka kuelewa mambo haya ili nikarudi kikaoni niwe na la kusema. Je, ni kweli sindano inasambaza? Na kama wanaona ni uvimbe, kwa nini wasiutoe wote siku hiyo hiyo tukamaliza habari? Na mama anauliza kama inauma, na kama atalazwa. Matusi hapana jamani, nina mawazo ya kutosha.

#2 Mzee wa Kirumba

Pole kijana. Mjomba wako ameona mengi, usimdharau. Hata mimi hapa mwaloni nimezika watu waliokuwa wanatembea vizuri, wakaenda kutobolewa, wakarudi wa kitandani. Mgonjwa akishaguswa na kisu hesabu imebadilika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina zaidi.

#3 Nta na Fomalini

Mleta uzi, pole sana. Nafanya kazi maabara ya histolojia kanda hii hii ya ziwa, hospitali gani tuache. Mimi si daktari. Mimi ndiye ninayepokea hivyo vinyama, kuvigandisha kwenye nta na kuvikata, halafu mpatholojia, yaani daktari anayesoma nyama kwa hadubini, anatoa majibu.

Sindano kusambaza. Kansa ya titi, kama ndiyo yenyewe, inasafiri kwa njia zake: kwenye mitoki ya kwapani na kwenye damu. Haisubiri sindano. Ni kweli seli chache zinaweza kubaki kwenye njia ambayo sindano imepita, hilo limeshaonekana na kuandikwa, lakini kwa titi halijaonekana kumfupishia mgonjwa maisha, na eneo lile lile ndilo litakalopasuliwa au kupigwa mionzi baadaye. Duniani kote sasa hivi uvimbe wa titi unaotiliwa shaka unapimwa kwa sindano kwanza, ndipo upasuaji upangwe.

Kwa nini wasiutoe wote. Hili ndilo watu wengi hawalielewi. Uvimbe wa titi si lazima uwe kansa. Unaweza kuwa uvimbe wa kawaida wasichana wanaoupata sana, unaweza kuwa jipu la ndani, hata TB ya titi ipo na inafanana na kansa kabisa kwenye picha. TB inatibiwa kwa vidonge, hupasui titi la mtu. Na ikiwa ni kansa, daktari anahitaji kujua ni ya aina gani kabla hajashika kisu, maana nyingine zinaanza na dawa za kuupunguza kwanza, upasuaji unafuata. Ukiung'oa bila kujua, mpasuaji anautoa ukingoni kabisa, majibu yakirudi ni kansa inabidi arudi tena pale pale akaongeze. Mgonjwa anapasuliwa mara mbili kwa kitu ambacho sindano ingekisema mapema.

Kuna kingine. Kinyama hakisemi "kansa ipo" au "haipo" tu. Kinapimwa pia kama seli zina vipokezi vya homoni, yaani sehemu ambazo homoni inashikia, na kama zina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Mwenye vipokezi vya homoni ana vidonge vyake, kama tamoksifeni, vinavyomlinda kwa miaka. Asiye navyo, vidonge hivyo hata akivimeza kwa kopo havimsaidii. Sasa nani atakwambia hayo bila kinyama? Utrasaundi haiyaoni.

Ya maumivu nawaachia waliopitia.

#4 Mama Nyakato

Nimepitia, niseme.

Mtoto wa Buswelu, mwambie mama asiogope. Unalala chali, mkono wa upande ule unawekwa juu ya kichwa. Wanasafisha kwa dawa ya baridi. Halafu ganzi, na hapo ndipo panapouma, kama pilipili inayopita chini ya ngozi, sekunde chache. Baada ya hapo unahisi kusukumwa tu. Daktari wangu alinitahadharisha mapema: "Mama, utasikia mlio, usiruke." Sindano ile ina springi, inalia ta! kama ile mashine ya kubania karatasi ofisini. Nisingeambiwa ningeruka mpaka dirishani.

Alichukua vipande kadhaa kupitia tundu lile lile. Nikaomba kuona. Vijinyuzi vyeupe vyembamba, vinafanana na tambi iliyokatika, vinaelea kwenye maji ya dawa. Nilivyokuwa nimejiandaa nikidhani nitakatwa mnofu wa kilo!

Nesi akakandamiza pale kwa kiganja muda mrefu mpaka mkono ukamchoka, plasta, nikapanda daladala kurudi nyumbani. Silazwi wala nini. Titi likaweka wekundu, likageuka bluu, likawa njano, likaisha. Panado ilitosha. Majibu yangu yalikuwa si kansa, lakini hata yangekuwa kansa, uchungu wa sindano usingekuwa ndio wa kusimulia.

#5 Mzee wa Kirumba

Sawa mama, wewe ilikuwa si kansa ndiyo maana hukudhurika. Huyo wa maabara aniambie shangazi wa kijana alikufa na nini.

#6 Nta na Fomalini

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ni la haki.

Shangazi yule simjui. Ila angalia jinsi watu wetu wanavyofika. Uvimbe unaanza mdogo kama punje ya hindi, hauumi, anauacha. Unakua, anakwenda kwa mganga. Unapasuka kidonda, anakwenda zahanati anapewa antibayotiki. Ndipo anapewa rufaa, na kwenye rufaa jambo la kwanza ni kinyama. Wakati huo kansa iko kwenye mapafu au ini. Anafariki, na ukoo unakumbuka kitu cha mwisho kilichofanyika: chuma. Miaka aliyokaa nao ndani hakuna anayeihesabu.

Nisiwe mwongo, zipo sehemu ambazo madaktari wenyewe hawachomi hovyo. Korodani yenye uvimbe wa mashaka haitobolewi kupitia mfuko wake. Inatolewa nzima kupitia chini ya tumbo. Kansa ya jicho ya watoto wadogo, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe kwenye picha ya flashi, jicho halichomwi sindano, maana hapo kweli inaweza kutoka nje. Uvimbe wa ini kwa mtu mwenye ini lililosinyaa, CT nzuri yenye dawa ya mshipani mara nyingi inatosha. Na uvimbe wa misuli au mfupa, anayechukua kinyama anatakiwa awe yule yule atakayepasua baadaye, au wawe wamekubaliana, kwa sababu mahali na mwelekeo wa ule mchano unaweza kuamua kama mguu utabaki. Kwa hiyo Mzee hoja yako haikutoka hewani, ila titi halimo kwenye orodha hiyo.

#7 Mwana Mkolani

Naunga hapo hapo kwenye kutoa uvimbe wote. Kaka yangu alikuwa na uvimbe mgongoni. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja, wakamwambia ni mafuta tu, wakautoa siku hiyo hiyo, wakashona. Nikauliza nyama iko wapi, wakaniambia imeshatupwa shimoni. Baada ya miezi ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza, na kovu limevuta pembeni. Alipofika hospitali kubwa daktari bingwa aliuliza jambo moja tu: "Majibu ya ule wa kwanza yako wapi?" Hakuna. Wakaanza upya.

Tangu siku ile nasema hivi: mtu akikutoa kitu mwilini, kidogo au kikubwa, uliza kinakwenda maabara gani na majibu yanarudi kwa nani.

#8 Nta na Fomalini

Mwana Mkolani umenigusa kidonda. Nitaandika kidogo kuhusu upande wetu maana watu wanadhani kazi inaisha sindano ikitoka.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza dakika hiyo hiyo. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, ya asilimia 10, na fomalini iwe nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Sisi tunapokea titi zima limeshindiliwa kwenye ndoo ndogo ya rangi, fomalini imelowesha juu tu, katikati kumeshaharibika. Tunapokea vingine vimewekwa kwenye maji ya dripu kwa sababu fomalini iliisha wodini, vimesafiri kutoka wilayani siku mbili kwenye joto. Mpatholojia anaangalia hadubini anaona ukungu mtupu, anaandika "sampuli haifai, rudieni". Mgonjwa analaumu maabara.

Kwa titi kuna sharti la ziada. Vile vipimo vya homoni na HER2 vinataka kinyama kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Kikikaa kwenye dirisha la wodi wiki nzima kikisubiri mtu wa kukileta, majibu yanaweza kutoka ya uongo.

Na lebo jamani. Jina liandikwe kwenye mwili wa kopo. Lebo ikiwa kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana mezani na nyama ya mtu inapata jina la mwingine. Mleta uzi, siku hiyo simama hapo uone jina la mama limeandikwa kwenye kopo, na upande: kushoto. Hakuna atakayekuchukia. Na fomu ijazwe maelezo, mpatholojia si mganga wa ramli. Ukimletea kipande kisicho na umri, mahali kilipotoka wala historia, unamfunga macho.

Kikifika kwetu kinapitishwa kwenye spiriti za nguvu tofauti usiku kucha, kinaingizwa nta ya moto, kinaganda kuwa kibonge. Asubuhi nakikata kwa mashine, unene wa maikromita 4 hivi. Utepe unatoka mwepesi hata pumzi inaupeperusha, nauweka uelee juu ya maji ya vuguvugu ujinyooshe, naunasa kwa kioo. Kisha rangi mbili: viini vya seli vinakuwa zambarau, vingine vyote waridi. Ndipo mpatholojia anakaa nacho.

Kile kibonge cha nta hakitupwi, kinahifadhiwa. Ukitaka maoni ya pili, Dar au Nairobi au popote, unaomba kibonge au vioo, huhitaji kuchomwa tena. Wachache sana wanajua hili.

#9 Dada wa Nansio

Samahani mleta uzi kukuingilia, ila mtaalamu yupo niulize. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6, shavu limevimba upande mmoja kuanzia kama wiki mbili, meno ya upande huo yanacheza. Huku kisiwani wameng'oa jino moja, uvimbe unazidi kila siku. Wamesema tusubiri antibayotiki ziishe.

#10 Nta na Fomalini

Dada, usisubiri. Panda boti ya kesho.

Taya kuvimba kwa mtoto wa umri huo, meno kulegea, na kukua unakuona kwa macho, kuna kansa inayoitwa limfoma ya Burkitt, ugonjwa unaopenda sana ukanda wetu huu wenye malaria. Sisemi anao, siwezi kujua. Ila ni kati ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kizuri chake ni kwamba unasikia dawa vizuri mno, watoto wengi wanapona. Hapa kinyama hakingojei foleni. Bugando kuna idara ya saratani na wanatibu watoto. Nenda na barua ya rufaa, mwambie wa mapokezi neno hili: taya, wiki mbili, linakua kila siku. Mtoto mdogo atalazwa usingizi kidogo achukuliwe, na mara nyingi wanachukua pia uroto wa mfupa wa nyonga na maji ya uti wa mgongo kuona umefika wapi.

Na mzee wa Kirumba, hii ni ya kwako. Huu ugonjwa ulielezwa na mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Mulago, Kampala, ng'ambo tu ya ziwa hili. Vinyama vya watoto wale vikawa vinapelekwa London kwa ndege kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ikakuta ukungu, ikatua Manchester, kinyama kikachelewa. Kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, wengine wangetupa wakidhani vimeoza. Epstein akaweka tone chini ya hadubini akakuta seli za kansa ziko hai zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 ikatangazwa kuwa ndani yake kuna kirusi, wa kwanza kujulikana anayehusika na kansa ya binadamu, Epstein-Barr. Nyama ya mtoto wa Kiafrika wa huku kwetu ndiyo iliyofundisha dunia. Sisi tukae tunaogopa sindano?

#11 Mzee wa Kirumba

Marahaba. Hiyo ya Kampala sikuijua. Haya, niulize langu basi, maana nawe unajua kujibu. Mimi nakojoa kwa kukatakata, nimepima damu ya tezi dume namba ikawa juu. Wanataka nao kunichukulia kinyama, na nimesikia wanapitia wapi. Mtu mzima na heshima zangu.

#12 Nta na Fomalini

Mzee, heshima haipungui. Mara nyingi wanapitia njia ya haja kubwa kwa sababu tezi iko ukutani mwake tu, utrasaundi nyembamba inaingia kuongoza, ganzi inapigwa, vinachukuliwa vipande kama 12 kutoka sehemu tofauti za tezi. Wengine wanapitia ngozi iliyo kati ya korodani na haja kubwa. Ni dakika chache. Antibayotiki lazima unywe kama utakavyoelekezwa, maana njia yenyewe ina vijidudu. Baadaye utaona damu kwenye mkojo siku kadhaa, na kwenye shahawa hata wiki kadhaa, usishtuke. Ukipata homa na kutetemeka, hilo si la kulala nalo, rudi hospitali usiku huo huo.

Namba ya damu kuwa juu peke yake si kansa. Tezi iliyokua kwa umri inapandisha, maambukizi yanapandisha. Ndiyo maana wanataka nyama.

#13 Mvuvi Mstaafu

Na kichocho je? Mimi miaka yangu yote niko majini.

#14 Nta na Fomalini

Kichocho kinaanza na choo na mkojo, bei rahisi, hakuna haja ya kukatwa. Ila kinatujia chenyewe. Tunapokea kidole tumbo, au kipande cha shingo ya kizazi, au cha kibofu, wanaulizia kansa, sisi tunakuta mayai. Yana kijimwiba: cha pembeni ni kile kichocho cha tumbo cha huku ufukweni, cha mwishoni ni cha mkojo. Na kichocho cha mkojo kikikaa kibofuni miaka mingi kinaweza kuzaa kansa. Kwa hiyo mvuvi anayekojoa damu asiambiwe "ni kichocho tu" mwaka baada ya mwaka. Apimwe kibofu kwa kamera, kinyama kichukuliwe.

Na ndugu zetu wenye ualbino, kidonda cha uso au sikio kisichopona mwezi mzima kikatwe kinyama. Kichukuliwe ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima. Katikati ni usaha na nyama iliyokufa, utaletewa majibu ya "hakuna kansa" ambayo hayana maana.

#15 Mtoto wa Buswelu

Nimesoma yote, nimeprinti #3, #4 na #6, nimesomea kikao leo jioni. Kilichomlainisha mjomba si kirusi wala vipokezi, ni ile ya kwamba inaweza kuwa TB. Kasema "kumbe inaweza isiwe yenyewe?" Mama amekubali. Maswali ya mwisho: aende amekula? Anakunywa kile kidonge kidogo cha aspirini cha moyo kila siku, ni tatizo? Na majibu ni lini?

#16 Mama Nyakato

Ale uji wake vizuri, ganzi ni ya pale tu. Asipake poda wala mafuta kifuani na kwapani. Avae blauzi ya vifungo mbele, siyo gauni la kuvua kichwani, mkono utakuwa mzito kidogo kuunyanyua.

#17 Nta na Fomalini

Aspirini mseme mapema, leo au kesho, pigeni simu kliniki, msingojee mezani. Asiiache mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu moyo nao ni moyo; kwa sindano ya titi mara nyingi wanaendelea nayo na kukandamiza muda mrefu zaidi. Angekuwa anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ingebidi apimwe damu inavyoganda kwanza.

Majibu ya kwanza wiki moja mpaka mbili, ya vipokezi yanafuata baadaye, hivyo msikasirike mkiambiwa mrudi tena. Yachukueni kwa daktari, msisomewe na mtu wa dirishani. Na mkiambiwa "si kansa" wakati daktari akishika bado anaona gumu na picha bado mbaya, muombe kirudiwe: sindano inaweza kupita pembeni ya uvimbe.

#18 Mtoto wa Buswelu

Shukrani sana mkuu. Mjomba anasema atakuja naye siku hiyo, anataka aione hiyo sindano kwa macho yake.

#19 Nta na Fomalini

Aje. Abebe yeye kadi ya bima ya mama na ile picha ya utrasaundi pamoja na karatasi yake, maana wengi wanaisahau nyumbani na wanarudishwa.

#20 Dada wa Nansio

Tumefika Bugando. Amelazwa, wanamchukua kesho asubuhi. Nitaleta mrejesho.